Kikapu cha Kwanza ni cha Chungu

Rafiki yangu, vuta kiti. Nina jambo limenikaa kooni tangu siku niliyokwenda kumtembelea mwanangu, na nisipolisema litanipa homa.

Mwanangu kaolewa hapa hapa Masasi. Nilifika kwake asubuhi, nikaamkiwa vizuri, nikaingia jikoni kujitafutia maji ya kunywa. Kwenye mlango wa friji nikakuta karatasi ya rangirangi imebandikwa. Jumatatu mpaka Jumapili, asubuhi, mchana na jioni, kila kisanduku na chakula chake. Jumanne eti maharage. Alhamisi eti mboga za majani. Jumamosi eti mkate wa kuoka nyumbani, na chini yake mtu kaandika kwamba ni raha kuoka na familia.

Nikamwita. "Mwanangu, hii nini?"

"Mpango wa chakula wa wiki, Mama. Nimeununua kwa dada mmoja kwenye simu. Unafundisha kubana matumizi."

"Umenunua kuambiwa Jumanne ule maharage?"

"Mama, yule ni mtaalamu."

Nikafungua friji. Ndani yake, mbele kabisa, limesimama boksi limechorwa korosho tatu nyeupe. Maziwa ya korosho. Nikaligeuza nione lilikotengenezwa, nikakuta ni ng'ambo, nchi ambayo hata mkorosho hauoti. Nilisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi, baridi inanipiga magotini, kwenye wilaya ambayo ukitupa jiwe bila kuangalia linagonga mkorosho. Malori yamepita hapo nje msimu mzima, gunia juu ya gunia, yakielekea Mtwara bandarini. Korosho zimekwenda na maganda yake, zimerudi zikiwa maji kwenye boksi, na mwanangu, kitukuu cha Bibi yangu, kayanunua ili abane matumizi.

Chai niliyoandaliwa ilipoa. Mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekasirika. Akacheka, akadhani namtania.

Sasa nikwambie kwa nini sikuwa natania.

Nimelelewa Newala na Bibi, mama yake mama yangu. Mama alikuwa muuguzi huku Masasi, zamu za usiku na za mchana hazimwachi, akaona niende kwa Bibi, nikae na watoto wa mama zangu wadogo ambao nao waliachwa pale kwa sababu hizi na zile. Nyumba ilijaa watoto. Mwanamume alikuwa mmoja tu, Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, kijana aliyekuwa bado hajaoa, mrefu, mcheshi, anayependa kuchana nywele. Kwetu unajua ilivyo, mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake. Kwa hiyo hata pale alipokuwa kijana wa kuchana nywele tu, tulimwogopa kidogo.

Bibi hakuwa na karatasi mlangoni. Hakuwa na friji ya kubandikia. Lakini wiki yake ilikuwa imepangika kuliko ratiba ya shule, na aliyeipanga, nikwambie ukweli, ni maji. Wewe umekulia sehemu yenye mito, hutajua. Juu kule uwandani kulikuwa hakuna kisima. Mvua ikiwapo tulikinga ya bati, kiangazi tuliteremka bondeni na ndoo na kupanda nazo kichwani ule mlima, shingo inazama mabegani. Maji hayo huwezi kuyamwaga hivi hivi. Kwa hiyo mbaazi, ambazo hunywa maji na kuni bila huruma, zilichemshwa siku ileile tuliyotoka bondeni, ndoo zikiwa zimejaa. Zikichemshwa zilichemshwa nyingi. Leo tunazila chukuchuku na ugali wa muhogo, kesho zilizobaki zinapondwa na kuungwa, na supu yake nzito inakuwa kitoweo cha makopa, ule muhogo uliokaushwa. Maji yaliyooshea mbaazi yalioshea muhogo, kisha yakaenda kwenye shina la mpapai. Ukimwona mtu anamwaga maji kwa Bibi, ujue ni mgeni.

Siku za katikati ya wiki, maji yakianza kupungua, ndipo vilipokuja vyakula vikavu. Muhogo wa kuchoma majivuni. Njugu mawe zilizokaangwa. Na ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, tulivyovichimba wenyewe huko vichakani tukirudi na udongo mpaka puani. Bibi aliichemsha kwa chumvi na maji kidogo sana, chungu kimezibwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usipotee. Nilipokwenda shule ya bweni huko mbali, wenzangu waliniita mla mizizi. Wali wao ulikuwa na mawe na maharage yao yana wadudu, lakini mla mizizi ni mimi! Siku hizi nasikia ming'oko inauzwa mjini kwenye vifuko, na watu walewale wanasema ni lishe nzuri. Sijawasamehe.

Alhamisi ilikuwa ya kisamvu. Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo hadithi ilipo.

Kisamvu cha Bibi kilitwangwa asubuhi, majani machanga ya muhogo na kitunguu pori, kikachemka hadi adhuhuri. Nazi kule juu ilikuwa kitu cha kusikia, huletwa kutoka pwani na bei yake ni ya harusi. Tui letu lilikuwa korosho. Siku moja kabla, Bibi alizikaanga na maganda yake kwenye debe lililotobolewa, mafuta yakashika moto, moshi ukatupofusha sote, akazimwagia mchanga. Kisha tukajipaka majivu mikononi tusiungue, tukakaa kwenye mkeka kuzibangua. Nzima nzima zilitengwa. Zilizovunjika zilikwenda kwenye kinu na kutoka humo zikiwa uji mzito mweupe. Uji huo ukimiminwa kwenye kisamvu, harufu yake ilitoka jikoni, ikavuka uani, ikamfuata jirani kwake. Jirani, mama mmoja mnene wa Kiislamu aliyekuwa rafiki wa Bibi tangu ujana, alikuwa hana haja ya kuitwa. Unamwona tu anakuja na bakuli kalifunika kwa kanga, anasema amepita kuomba moto.

Na Jumamosi Bibi alioka. Alijifunza misheni akiwa msichana, akawaokea wageni miaka kadhaa, kisha akaondoka na ujuzi wake. Unga wa ngano ulikuwa haba, basi aliuchanganya na wa muhogo, akatia ndizi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, akatia makombo ya korosho yaliyobaki kwenye kinu. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, hakununua hamira. Alichukua maji ya mabibo yaliyochachuka, yale ambayo wazee wakiyaacha zaidi wanaanza kuimba, akakandia unga. Sufuria nzito chini makaa, juu ya mfuniko makaa. Tulikatazwa kukimbia karibu. Mkate ukitoka, mwekundu juu, alikuwa haukati kwa kisu. Alichukua uzi, akauzungusha, akavuta. Kisu kinamwaga makombo, alisema, na makombo ni mtoto mmoja kalala njaa. Vipande vya Jumapili vilifunikwa. Kimoja kilikwenda kwa jirani, naye Ijumaa inayofuata alituletea samaki mkavu aliyetumiwa na kaka yake wa Mikindani. Ndiyo ilikuwa Ijumaa yetu, Wakristo na Waislamu wa uani mule.

Sasa hayo yote, rafiki yangu, kisamvu na mkate na uji wa wagonjwa na mchuzi wa samaki, yalisimama juu ya desturi moja. Msimu wa korosho, kila siku tunayotoka kuokota, kikapu cha kwanza kilikuwa cha chungu. Hakikwenda guniani. Kilimwagwa kwenye chungu kikubwa kuliko vyote, chungu ambacho hakijawahi kupanda mekoni, kilichokaa pembeni mwa jiko kimefunikwa ungo. Vikapu vilivyofuata ndivyo vya magunia, ndivyo vya kuuza, ndivyo vya sare na chumvi na sabuni. Wala halikuwa jambo la kujadiliwa. Hata watoto wadogo waliokuwa wanaokota kwa kucheza walijua, wakifika na kikapu cha kwanza wanaulizana, kimejaa? Peleka jikoni. Chungu kile ndicho kilichotuvusha Januari na Februari, miezi ambayo ghala linapiga mwangwi na mahindi mapya bado ni majani.

Msimu mmoja bei iliyotangazwa ilikuwa nzuri. Nakumbuka wanaume walivyobadilika. Waliokuwa wakitembea walianza kutembea haraka. Mjomba alikuwa na ndoto ya baiskeli, maana kulikuwa na binti Tandahimba, na kwa miguu ukifika huko umejaa vumbi mpaka kope, nywele ulizochana hazionekani. Tuliokota kama wazimu. Magunia yakajaa, yakashonwa. Isipokuwa la mwisho. La mwisho lilifika katikati likakoma.

Kwa mtu wa mbali hilo si jambo. Kwetu, kupeleka ghalani gunia lililolegea ni aibu ya kijana. Wenzake wanalipiga teke, wanauliza kama humo ndani amelala mtu. Na wiki hiyo Bibi hakuwapo, alikuwa msibani Chiwata kwa ndugu yake. Mjomba akazunguka lile gunia asubuhi yote. Akatuangalia. Akaingia jikoni, akaondoa ungo, akainamisha chungu.

Mimi nilikuwapo. Nilisikia zile korosho zikimiminika guniani, sauti kama ya mvua ya mawe, na hakuna mtoto aliyethubutu kusema. Ungesema nini? Ni Mjomba. Gunia likasimama wima, akalishona, akalipakia kwenye mkokoteni wa jamaa yake, akaenda zake anapiga mluzi.

Bibi alirudi baada ya siku chache, kachoka, macho mekundu ya msiba. Akanawa, akaketi, akauliza watoto mmekula? Tukasema tumekula. Kisha akaenda jikoni na kuinua ungo. Alikaa huko muda. Alipotoka hakuwa analia wala kupiga kelele, na hiyo ndiyo ilitutisha.

"Baba," akamwita Mjomba hivyo, kwa upole, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Nani kafungua chungu changu?"

"Mama, gunia lilikuwa halijajaa. Na bei mwaka huu ni nzuri, kila mtu anasema."

"Bei ni nzuri."

"Nzuri sana, Mama."

"Bei hiyo tutaila na mboga gani?"

Mjomba akasema wazee barazani wanasema korosho zinazokaa chunguni ni korosho zilizolala, hazimsaidii mtu, ni mambo ya wanawake. Hapo ndipo nilipomwona Bibi akikasirika. Sikuwahi kuona vile kabla wala baada yake. Akasema, kila neno kwa zamu yake:

"Zilizolala! Hawa watoto wa dada zako nimeachiwa na mama zao. Nilisema nitawalisha. Sikusema nitawalisha mpaka bei ipande."

Akaingia ndani, akatoka na mwiko, akamwekea mapajani.

"Wiki hii unapanga wewe. Mimi nimetoka msibani, napumzika."

Mwanamume wa Kimakonde, kijana wa baiskeli, na mwiko mapajani! Habari ilifika kwa jirani kabla moto haujawaka. Akaja, akasimama penye uzio wa miti, akashika mdomo. "Nnungu wangu! Shoga, mtoto kaingia jikoni?" Bibi akamjibu kwamba mtoto ana bei nzuri, acha apike.

Tulicheka siku ya kwanza, sina haja ya kukuficha. Mjomba alivaa uso wa mtu anayejua. Jumatatu akaamua mbaazi. Akawasha moto mkubwa, akamimina maji, zikakauka, akamimina tena. Jioni mbaazi zikaiva kweli, laini, tamu, na nyumba nzima hapakuwa na maji hata ya kunawa mikono ya kuzilia. Mtoto mdogo wa mama mdogo akalia kiu mpaka akalala. Bibi alikwenda kwa jirani na kikombe, akarudi nacho kimejaa nusu, akamnywesha, hakumtazama Mjomba kabisa.

Kesho yake tuliteremka bondeni na Mjomba akiwa nasi, maana alitaka kulipa kosa. Akabeba ndoo mbili. Tuliporudi alikuwa hoi, akalala chini ya mkorosho, na hakuna aliyekuwa amepanga nini kiwe mekoni. Tulikula makopa makavu tukitafuna kama mbuzi. Jumatano akaenda dukani akanunua mkate wa mjini na sukari kwa fedha zake za korosho, tukafurahi sana, tukaumaliza kabla jua halijatoka vizuri, na mchana njaa ikatukamata pale pale ilipotuacha.

Alhamisi akakumbuka ni siku ya kisamvu. Akatwanga mwenyewe, jasho linamtoka, vijana wenzake wawili wakapita njiani wakapunguza mwendo. Alichemsha vizuri, nitampa haki yake. Ilipofika saa ya kutia tui, aliinuka bila kufikiri, mkono unajua njia, akaondoa ungo na kuingiza mkono chunguni. Mkono ukaingia mpaka begani. Alibaki vile, kainama, kichwa ndani ya chungu, kwa muda ambao sisi watoto tuliona ni mrefu sana. Alipojiinua hakuwa na kitu mkononi, na hakutuangalia.

Tulikula kile kisamvu kwa maji na chumvi. Kisamvu kisicho na tui kinakwaruza, kinashuka kooni kwa ubishi. Yule mtoto mdogo alitema. Jirani alikuja na bakuli lake chini ya kanga, akanusa hewa, akasema amepita tu kusalimia.

Jioni ile Mjomba alikwenda kupiga magoti mbele ya mkeka wa Bibi. "Mama, nimeshindwa kupika."

"Hukushindwa kupika," Bibi akasema. "Kisamvu kimeiva. Lakini hii ni Disemba, mwanangu. Bado Januari. Bado Februari. Ulipojaza gunia hukuuza korosho, uliuza Alhamisi zote za watoto hawa."

Na kweli ziliuzwa. Sitaki kupamba hapa, ile miezi ilikuwa mibaya. Baiskeli ilinunuliwa, nyekundu, ilisimama ukutani inang'aa, na sisi tulikula tukiiangalia. Uji ulikuwa mwembamba. Mkate wa Jumamosi ulikuwa mgumu, hauna makombo ya korosho wala harufu. Mama alikuja kutoka Masasi mara moja, akanishika mkono wa juu kwa vidole viwili, akamwangalia Bibi, na Bibi akageuza uso. Bibi yangu, ambaye hajawahi kuona haya mbele ya mtu, aligeuza uso mbele ya mtoto wake kwa sababu ya gunia lililolegea. Hilo sijalisahau, na nikilikumbuka hasira inanipanda upya kama vile limetokea leo asubuhi.

Mjomba naye hakulisahau. Msimu uliofuata alikuwa wa kwanza kuamka. Kikapu cha kwanza alikibeba yeye kichwani, mwanamume mzima, akakimimina chunguni huku anatuambia tusogee. Aliendelea hivyo alipooa yule wa Tandahimba, aliendelea hivyo alipozeeka, na waliomcheka barazani aliwajibu kwamba waende wakacheke kwao Alhamisi.

Basi nilipotoka kwa mwanangu siku ile, na boksi la maziwa bado linanichoma machoni, nilimpigia simu mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye anayekaa Newala sasa, nyumba ileile, mikorosho ileile, tangu Bibi na Mjomba waondoke duniani. Nikamwambia naja, anitengee korosho za tui nimfundishe mwanangu.

"Dada, korosho hatuna."

"Msimu umeisha juzi tu!"

"Zote zimekwenda chama cha ushirika. Tunapeleka zote. Ukitaka za kula, huko Masasi si zinauzwa madukani?"

Nilipanda gari kesho yake. Nilikwenda nimejaa maneno. Njia nzima nilikuwa nayapanga, nitaanzia hapa, nitamwambia hivi na hivi, Bibi angesema nini. Nikafika, nikakaribishwa, nikaandaliwa ugali na kisamvu, nacho kimetiwa mafuta ya dukani na unga wa viungo wa kifukoni. Nikakila. Kinakwaruza. Nikayaanzisha yale maneno yangu.

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka sahani chini.

"Dada, wewe unakasirikia mboga. Salfa ya kupulizia mikorosho nakopeshwa, na mikorosho isipopuliziwa haizai. Michango ya shule, sare, dawa ya mtoto. Mjomba aliuza chungu akapata baiskeli. Mimi nauza chungu nabaki palepale. Unataka nitenge kikapu cha kwanza? Kikapu cha kwanza kina mwenyewe kabla sijakiokota."

Rafiki yangu, nilikosa pa kupeleka hasira yangu. Nilikuwa nimeibeba toka Masasi nikidhani nimeileta kwa mwenyewe, kumbe si yake. Wala si ya mwanangu na karatasi yake. Tumefika mahali ambapo anayeokota korosho hawezi kuila, na anayeweza kuila anauziwa kwenye boksi, na wote wawili wanaambiwa hawajui kupanga. Nani aliyekaa akalipanga hili? Nimtafute wapi nimwekee mwiko mapajani?

Nikawauliza watoto wa mdogo wangu kama wameokota masalia, zile korosho zinazobaki majanini baada ya msimu. Wakatazamana. Walikuwa nazo kidogo kwenye kopo, wamezificha. Huwa wanampelekea mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa kopo kichochoroni, anawapa biskuti. Nikawaomba. Nikatafuta debe, nikalitoboa, nikakaanga nje moshi ukinitoa machozi ambayo yalinifaa sana saa ile. Tukajipaka majivu. Tukabangua, wakazivunja nyingi kwa kutojua, nikawaambia zilizovunjika ndizo zetu. Nikatwanga. Mdogo wangu alisimama mlangoni kakunja mikono, kisha akaikunjua, akaja kushika mwiko.

Jioni kisamvu kilipakuliwa, kizito, cheupe juu. Uani palikuwa kimya. Hakuna jirani aliyepita kuomba moto, siku hizi kila mtu ana kiberiti chake na kila nyumba ina ukuta. Watoto waliketi kuzunguka sahani. Mkubwa akala, wa pili akala. Wa mwisho, msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule, alimega tonge, akalichovya, akalifikisha karibu na mdomo, kisha akalirudisha nyuma na kumwangalia mama yake.

"Mama," akasema, "hii ni yetu?"

Nilijibu mimi kabla ya mama yake, kwamba ni yetu, na nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka mtoto akashtuka na tonge likamdondoka.